Mgeni Ambaye Hajafika Rasmi

Nchi hii msiitafute kwenye ramani, mtachosha macho bure. Haipo, na hata ingekuwepo, msemaji wa serikali yake angekanusha. Iko mbali sana na hapa mlipo, ndiyo maana naweza kuisimulia bila kugeuka kuangalia nani kasimama nyuma yangu.

Katika nchi hiyo madaraka yote yalikaa mji mkuu, ghorofani, na haja yoyote ya mwananchi ilibidi ipande ngazi. Paa la zahanati ya kijiji cha Lukande lilipoanza kuvuja, ombi la bati lilipanda wizarani, likapumzika kwenye meza ya huyu, likapanda mpaka kwa yule, na jibu liliposhuka mwombaji alikuwa ameshazikwa. Jibu lilimtaka aendelee kuvumilia. Kufikia hapo watu wa Lukande walikuwa wamechangishana, wakanunua bati wenyewe. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: zahanati ilikuwepo, muuguzi alikuwepo, na chumba cha wazazi kilikuwa na kitanda cha chuma chenye godoro.

Aliyechoshwa na ngazi hizo kuliko wote alikuwa Zablon Mrindoko, mkulima wa maharage, mtu mwema, mwenye imani nyingi kuliko mazao. Katiba mpya ilipoanza kunadiwa hakukosa semina hata moja, na kila semina ilimrudisha nyumbani na fulana. Aliwaeleza watu kisimani, mashineni na kilabuni kwamba madaraka yanashushwa, jambo ambalo semina ziliita ugatuzi. Hayataishia mjini wala tarafani. Yatakuja mpaka mlangoni, na mtu atafungua dirisha asubuhi ayakute yamekaa uani yanasubiri kutumwa. Watu walimpenda kwa maneno hayo, wakampa uenyekiti wa Kamati ya Mapokezi ya Madaraka. Mkewe, Mama Siyenda, ambaye hakuwahi kwenda semina kwa sababu ilibidi mtu apalilie maharage, aliuliza jambo moja tu: yakishafika, yatalala wapi? Zablon alicheka sana. Alimwambia hayo ni maswali ya mtu asiyesoma katiba.

* * *

Siku ya kuyashusha, Rais alihutubia taifa akiwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho kabisa ya ikulu, ili ionekane kuwa naye ameshuka.

"Ndugu wananchi," alisema, "madaraka nimewapa. Sisi huku juu tumebaki mikono mitupu."

Mikono yake ilikuwa mitupu kweli, maana vitu vyake huwa vinabebwa na wasaidizi. Watu wa Lukande walifagia barabara, wakakata matawi yaliyoinama ili madaraka yasijikwaruze, wakakaa kando na ngoma. Yalichelewa. Yalipofika Mtondia, makao makuu ya jimbo, yalikuta watu wamekaa na ndoo kubwa kubwa, na kila mtu akakinga. Akapatikana Gavana, akapatikana naibu wake na naibu wa naibu. Akapatikana Waziri wa Barabara Zitakazokuwepo, na Waziri wa Vivuli na Mapumziko, na Waziri wa Rambirambi, ambaye ndiye aliyepewa fungu nono kuliko wote la mafuta ya magari, kwa kuwa wananchi wa jimbo lile walijulikana kwa kufa sana.

Kabla ya yote, jimbo lilitaka kujua limerithi nini. Kamati ya Makabidhiano iliamuru mali zote za wizara zilizoko vijijini zipelekwe Mtondia zikakabidhiwe, na wizara ikamhesabu Sista Dorika, muuguzi wa Lukande, kuwa ni mali. Aliondoka na mkoba mmoja, akisema anarudi baada ya siku mbili tatu. Huko Mtondia karani alimpanga katika fungu la mali zisizohamishika, katikati ya jengo la posta ya zamani na tangi la maji. Na kwa kuwa mali ya namna hiyo haihamishwi ila kwa sheria ya bunge la jimbo, na bunge lilikuwa ziarani ng'ambo likijifunza maana ya bunge, Sista Dorika hakuruhusiwa kurudi. Alikalishwa kwenye benchi, nje ya sebule ya Gavana. Mji mkuu ulisema mshahara wake sasa ni juu ya jimbo. Jimbo lilisema halijawahi kuona tangi la maji likilipwa mshahara.

Habari hizo zilipofika Lukande, watu walinung'unika. Zablon aliwatuliza. Mtoto hazaliwi akatembea, aliwaambia, tuvumilie kidogo.

* * *

Hatimaye madaraka yakafika Lukande. Yalikuja ndani ya gari, yamevaa suti ya kijivu, na jina lake lilikuwa Bwana Eliakimu Ndarasha, Msimamizi wa Kata. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini na mikono laini. Alikuja na bendera, na picha ya Gavana, na meza, na jokofu, ijapokuwa Lukande haikuwa na umeme. Alieleza kwamba ofisi yake haijajengwa bado, ila mchoro wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba ulishapewa tuzo.

Sasa watu wa Lukande wana yao. Kwao mgeni haulizwi atakaa mpaka lini, na ni aibu isiyofutika mgeni kulala pabaya kuliko mwenyeji. Mahali pazuri kuliko pote kijijini palikuwa chumba cha wazazi: sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, bati lile la michango, na kitanda. Muuguzi hayupo, chumba kimekaa bure. Hakuna aliyemlazimisha Zablon. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo, na yeye ndiye aliyeushika ufunguo akafungua mlango, kifua mbele, mbele ya kijiji kizima. Ni kwa siku mbili tu, aliwaambia akina mama, na akina mama wakanyamaza, kwani mgeni alikuwa anasikia.

Siku mbili kwa sababu mila ile ina mguu wa pili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwingine watu husema tu, huko Lukande wanafanya. Asubuhi ya siku ya tatu mwenyeji humpelekea mgeni jembe kwa mikono miwili. Mgeni akilipokea huenda shamba na wenzake, akawa mtu wa nyumbani wa kutumwa kama wengine. Akilikataa hufunga mzigo wake akaenda zake, wala hakuna wa kumgombeza. Zablon alinunua jembe jipya, akalitia mpini wa mti mgumu, akaupaka mafuta mpaka ukang'aa. Siku ya tatu akabisha hodi.

Bwana Ndarasha alilitazama lile jembe kwa heshima zote.

"Mzee Zablon, mila zenu naziheshimu sana," alisema. "Lakini ofisi yangu haijazinduliwa na Mheshimiwa Gavana. Kabla ya uzinduzi, kisheria, mimi sijafika. Sasa siku za mtu ambaye hajafika utazihesabuje?"

Zablon alifikiri pale mlangoni. Alikuwa mtu wa kuheshimu sheria, na hoja aliiona ina kichwa na miguu. Akaomba radhi kwa usumbufu, akarudi nyumbani na jembe lake, akalitundika kwenye msumari ukutani lisubiri.

Kwa mtu ambaye hajafika, Bwana Ndarasha alifanya mengi. Alianzisha ushuru wa kuanika mahindi kwenye jua la jimbo. Alianzisha kibali cha jogoo kuwika kabla ya saa za kazi. Mwenye mti uliotupa kivuli barabarani alilipia kivuli, na mwenye kukaa kivulini alilipia kukaa. Mtu akilalamika, alielekezwa apeleke malalamiko yake kwa Msimamizi wa Kata, na Msimamizi wa Kata, kama tujuavyo, alikuwa hajafika.

* * *

Siyenda alikuwa mtoto pekee wa Zablon. Aliolewa mbali, na mimba yake ya kwanza ilipokua alirudi kwao, kwani huko kifungua mimba huzaliwa kwa bibi yake. Alishuka garini akiwa amevimba miguu, anacheka, anauliza kama Sista Dorika bado anawagombeza watu. Mama Siyenda hakucheka. Alimtazama mumewe mchana kutwa, na jioni akasema.

"Baba Siyenda, kamwambie yule mtu atoke."

"Mgeni hafukuzwi, mke wangu. Tutakuwa watu gani?"

"Mgeni gani? Si amesema hajafika?"

Zablon akainuka. Alikwenda kwa Bwana Ndarasha, akapokelewa kwa chai. Aliambiwa jimbo linalitazama suala la uzazi kwa jicho la pekee, na kwamba kamati imeshaundwa. Alikwenda tena, akaambiwa kamati imeshaunda kamati ndogo. Kila alipokwenda alirudi na maneno mazuri, na maneno mazuri hayalaliki.

Uchungu ulimkamata Siyenda asubuhi ya siku ambayo kamati ndogo yenyewe ilikuja Lukande. Kilikuwa kikao cha Kuwashirikisha Wananchi katika Uzazi Salama, na kilifanyika chumba cha wazazi. Wananchi hawakualikwa kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Viti havikutosha, hivyo baadhi ya wajumbe walikaa kitandani. Akina mama walipomleta Siyenda mpaka barazani, Zablon alibisha hodi. Bwana Ndarasha alitoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, akaongea kwa sauti ya chini. Alisema amesikitika. Alisema humo ndani wanaongelea watu kama Siyenda hasa, na kwamba isingependeza awakatize. Wangoje kidogo tu, suala la kitanda atalipenyeza katika mengineyo.

Hapa ndipo ninapomkasirikia Zablon, na hata yeye hajawahi kujisamehe. Mkono wake ulikuwa kwenye mlango. Ulikuwa mlango mwepesi, na nyuma ya Zablon walisimama wanaume wenye nguvu waliongoja aseme neno. Lakini ndani mlikuwa na wageni, na Zablon alilelewa kutowaingilia wageni wakiwa wanazungumza. Akaushusha mkono.

Siyenda alijifungua barazani, kwenye saruji, akina mama wamemzungushia khanga. Kutoka ndani yalisikika makofi. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, mzito, na hakulia. Sista Dorika alikuwa na kijipira cha kuwanyonya ute watoto wa namna ile. Kijipira kilikuwemo ndani, kabatini, na kabati lilitiwa lakiri ya jimbo lisiguswe mpaka likabidhiwe. Mama Siyenda alimnyonya mjukuu wake kwa mdomo, akampulizia, akamnyonya tena, mpaka wenzake wakamshika mabega wakamwambia basi. Kikao kikaisha. Wajumbe walitoka, wakapita pembeni kwa adabu wakiwa wameinamisha vichwa, na azimio lao likabandikwa mlangoni siku hiyohiyo: wanawake wahimizwe kujifungulia katika vituo vya afya.

Siyenda mwenyewe alipona. Alilazwa kwa mama yake, akageukia ukuta. Baba yake alipoingia kumpa pole hakugeuka.

"Baba, kitanda changu ulimpa mgeni," alisema.

Zablon aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Akatoka nje.

* * *

Huko Lukande mtoto ambaye hakulia huzikwa na akina mama, nyuma ya nyumba, kimyakimya, na hakuna anayehutubia. Mama Siyenda alishalitoa jembe lake kuukuu, lile la kupalilia maharage. Lakini Wizara ya Rambirambi ilikuwa na masikio marefu. Gavana alikuwa akitafuta siku nyingi nafasi ya kuja Lukande kuzindua ofisi ya kata, ila mafuta ya uzinduzi yalikuwa yamekwisha, wakati mafuta ya rambirambi bado yalijaa mapipa. Ikaonekana ni busara kuyaunganisha mambo hayo mawili. Mazishi yaliahirishwa ili turubai zifike.

Magari yalikuja na vumbi lake. Ilikuja pia ambulensi, ya kwanza kuonekana Lukande, inalia king'ora, na ilipofunguliwa ilikuwa imepakia soda. Waziri wa Rambirambi alihitaji jina la marehemu kwa ajili ya ratiba. Aliambiwa hana, hakuishi kiasi cha kupewa jina. Waziri alisema ratiba haiwezi kuwa na nafasi tupu, akamwita Marehemu Ugatuzi Mrindoko, na mshereheshaji akalirudia jina hilo kwenye kipaza sauti mpaka Siyenda akajiziba masikio kwa mto.

Gavana alizungumza mpaka jua likahama upande wa turubai. Aliwashukuru mawaziri wake mmoja mmoja, akamshukuru mkewe, akamshukuru Bwana Ndarasha kwa kuvumilia mazingira magumu ya kazi.

"Mtoto huyu hakufa bure," alimalizia. "Ametangulia, ili huduma zifuate."

Walipofika kaburini, mpiga picha aliona jembe la Mama Siyenda halifai, lina kutu. Mtu akakumbuka kwamba kwa Zablon kuna jembe jipya ukutani. Likaletwa. Gavana alilishika, akakwangua udongo mara moja, akabaki ameinama hivyohivyo mpaka picha zikatosha. Watu wakapiga makofi, kwani walishazoea. Kisha msafara ukahamia zahanati, utepe ukakatwa kwenye mlango wa chumba cha wazazi, na kibao kikafunuliwa: Ofisi ya Msimamizi wa Kata. Jembe lilipakiwa garini likiwa zawadi ya wananchi wenye shukrani. Mpaka leo limetundikwa sebuleni kwa Gavana, huko Mtondia, na Sista Dorika huliona kutoka kwenye benchi lake kila mlango unapofunguliwa.

Kaburi lenyewe lilikuwa halijachimbwa, lilikuwa limekwanguliwa tu. Mama Siyenda alilichimba kwa jembe lake la kutu, turubai zilipokwisha kuondoka. Zablon alikaa kwenye jiwe, kwa mbali, mikono katikati ya magoti. Hakuthubutu kusogea kumsaidia.

* * *

Lakini alikuwa akihesabu. Utepe umekatwa, kibao kimefunuliwa, kwa hiyo mgeni sasa amefika, na amefika rasmi, mbele ya kamera. Ikapita siku moja, ikapita ya pili. Ya tatu kulipokucha, Zablon alilichukua jembe la mkewe, udongo wa kaburi umekauka juu yake, akaenda kubisha hodi.

"Mheshimiwa," alisema, "sasa umefika. Na leo ni siku ya tatu."

Akalitoa jembe kwa mikono miwili. Bwana Ndarasha aliinuka mezani, akazunguka kitanda, ambacho sasa kilibeba mafaili, akaja mpaka mlangoni akitabasamu kwa huruma. Alikiri kwamba hesabu ya Mzee Zablon ilikuwa sahihi, ila imeachwa nyuma na wakati. Kabla ya uzinduzi yeye alikuwa mgeni, hilo hakulipinga. Lakini baada ya uzinduzi nyumba hii ni mali ya jimbo, na jimbo hapa ni yeye.

"Mwenyeji ni mimi, Mzee Zablon. Wewe ndiye uliyebisha hodi. Na ukihesabu vizuri, hapa kwangu umeshakuja zaidi ya siku mbili."

Alilipokea jembe kwa mikono miwili, kama mila itakavyo, na kwa mikono miwili akamrudishia.

"Nyasi za hapo uani zimeota sana," alisema.

Wapo Lukande wanaosema angempiga nalo palepale, na wapo wanaosema wao wangempiga. Hawakuwepo. Zablon alikuwa amepewa jembe na mwenyeji, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtu wa heshima akilikataa. Alilishika, akashuka uani. Hakulima nyasi. Alisimama pale barazani, mahali akina mama waliposhikilia khanga, akasogea hatua chache mbele akaanza kuchimba, machozi yakimdondoka bila kuyafuta. Alichimba shimo dogo, jembamba, kwa kipimo kilekile cha shimo alilomwona mkewe akilichimba peke yake. Alikuwa anachimba kaburi ambalo hakusaidia kulichimba. La kuzika humo hakuwa nalo, na hakujali.

Bwana Ndarasha alimtazama dirishani kwa muda, uso ukazidi kung'aa. Alikuwa ameomba vibarua Mtondia tangu siku alipokuja, bila kujibiwa, na kumbe watu wa Lukande wana moyo wa kujitolea namna hii. Aliwaita askari wake wa kata. Walileta mlingoti, wakausimika ndani ya shimo, wakarudishia udongo, wakaushindilia kwa viatu. Bendera ya jimbo ikapandishwa. Zablon aliambiwa asimame wima, akasimama, jembe likiwa begani kama bunduki ya mgambo.

Alirudi nyumbani taratibu. Siyenda alisikia hatua zake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akageuka kutoka ukutani.

"Baba, mgeni ameondoka?"

Zablon alilitundika jembe kwenye ule msumari, akakaa chini pembeni ya kitanda cha kamba, karibu na miguu ya mwanawe.

"Wageni ni sisi, mwanangu," alisema. "Na tumeshapewa jembe."